Uyoga wa Meza Kuu

"Mgeni rasmi, Mheshimiwa diwani wetu, mwenyekiti wa kikundi, majirani mnaotuamini na majirani ambao bado mnatutazama kwa jicho la pembeni: sisi wakuza uyoga wa ghala hili tunakukaribisha kwa mikono miwili, na tumeiosha kwa sabuni."

Watu wakacheka, katibu aliyekuwa anaisoma risala akashusha pumzi. Utani huo ulikuwa wake, na ndio pekee ambao mwenyekiti aliuacha. Mwenyekiti alikuwa fundi cherehani wa siku nyingi, na juu ya hayo alikuwa mama mkwe wa katibu. Jana yake alikaa na risala mapajani akikata maneno kama anavyokata kitambaa, na sehemu ya nne akaifuta yote.

"Mama, hiyo ndiyo inayoeleza kilichompata kinyozi," katibu alimwambia.

"Humo ndani kuna neno sumu. Unamwalika mtu kula, halafu unamtajia sumu? Utasoma kilichoandikwa, mwanangu. Usitoke nje ya karatasi."

Basi, yakaishia hapo. Nani abishane na mama mkwe ambaye pia ni mwenyekiti?

HISTORIA FUPI

"Mheshimiwa, ghala hili lilikuwa la magunia matupu na panya. Tulipoanza, hakuna kati yetu aliyejua kama uyoga unapandwa au unajiotea tu. Tulifundishwa kujaza makapi kwenye mifuko, kuyachemsha, kupanda mbegu, kisha kukaa gizani na kusubiri. Uyoga wa kwanza ulipochomoza, mwenzetu mmoja alilia. Sisi wengine tulijikaza kwa sababu mikono ilikuwa imejaa mifuko."

MAFANIKIO

"Kwa uyoga huu tumelipa ada za watoto, tumeezeka nyumba, na wapo waume walioanza kutuaga wanapotoka. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hadi siku ile ya kinyozi."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni, akajitia hamnazo. Siku ile ya mkasa aliwekeana ubishi na wenzake, akatafuna uyoga mbichi kama karoti, akarudi kazini kwa maringo. Baadaye tumbo likamkata, akamkimbia mteja kitini akiwa amenyolewa upande mmoja. Mteja huyo ndiye aliyezunguka mtaa mzima na nusu ya nywele zake akitangaza kwamba uyoga wa ghalani unaua. Tangu hapo wateja walikatika kama maji ya bomba. Diwani ndiye aliyekuwa tumaini lao la mwisho: alikubali kuja, kusikiliza risala, kisha kula uyoga uliopikwa mbele ya macho ya mtaa. Akila akabaki mzima, biashara imerudi. Akiumwa, wafunge ghala na panya warudi.

Katibu akainua macho amtazame mwokozi wao. Akamkuta anatafuna.

Kamati ya mapambo iliona maua ya kweli ni ghali, ikachumiwa uyoga mbichi mweupe, ikautunga kwenye vijiti vya meno, ikaupanga sahanini kama waridi. Ulipendeza kweli. Tatizo ni kwamba sahani, vijiti na mgeni viliwekwa mahali pamoja. Mheshimiwa alichukua kijiti, akatia mdomoni, akatafuna polepole, akajipangusa kwa leso kama mtu mstaarabu, akachukua kingine.

Na pembeni yake, mgongo umenyooka kama yuko studio ya picha, mwenyekiti naye alikuwa anatafuna. Macho yake yalikuwa yanamwomba katibu kitu, lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi.

Mshereheshaji alikuwa anapanga viti, hajui hili wala lile. Kumkatiza mgeni rasmi akiwa anakula ni kumwaibisha mbele ya watu. Kunyamaza ni kumuua, au walau kumkimbiza chooni. Katibu akaitazama karatasi. Chini ya Mafanikio kulikuwa na mistari myeusi ya kalamu ya mama mkwe wake. Akaikunja karatasi, akaishika mgongoni.

SEHEMU YA NNE

"Mheshimiwa, sehemu inayofuata haimo kwenye karatasi, ila kichwani imo. Inahusu sumu."

Mwenyekiti akaacha kutafuna.

"Uyoga wetu ni chakula kizuri. Lakini ukiwa mbichi una protini zake za kujilinda. Hauna miiba, hauna miguu ya kukimbilia. Wadudu wakiusogelea, silaha yake ni hiyo. Sasa, mwili wa mtu umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja na utando wake. Protini hizi zikiugusa utando, zinashikana mduara kama watoto wanaocheza, na katikati ya mduara zinatoboa tundu. Maji yanaingia bila hodi. Seli inavimba, inapasuka. Mtaalamu wa maabara alituambia si kila anayekula mbichi ataumwa, lakini wapo wanaoumwa, na mmoja amesimama pale mlangoni."

Kinyozi akatikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alionekana kama mtu aliyetendewa haki.

"Dawa yake ni moto, Mheshimiwa. Zikipikwa vizuri, protini hizo zinapoteza umbo, haziwezi tena kutoboa kitu, zinabaki mboga. Kwa hiyo sisi wanakikundi, kwa heshima na taadhima, tunamwomba mgeni rasmi aweke chini kijiti alichoshika. Hicho ni pambo." Akamgeukia mwenyekiti. "Na mama yangu mwenyekiti, ninayempenda, tunamwomba vivyo hivyo."

Mheshimiwa akakitazama kijiti, akakiweka chini, kisha akaikunjua leso juu ya meza. Ndani yake kulikuwa na uyoga wote, umetafunwa kwa adabu na kutemwa kwa adabu.

"Ondoa hofu, katibu," alisema. "Niliona umewekwa mbele yangu, nikajua ndiyo heshima ya hapa. Nisipokula mtanuna, na mimi uyoga mbichi haunishuki kooni. Nikawa natafuna na kutema." Akamgeukia jirani yake. "Ila huyu mama alikuwa anameza."

"Ningefanyaje?" mwenyekiti akasema. "Mgeni haachwi kula peke yake."

"Na ulijua ni mbichi?"

"Nimeuchuma mwenyewe."

Akasimama, akaweka kitambaa cha kichwa sawa, akatoka kwa hatua za heshima ambazo karibu na mlango zilianza kuongezeka. Kama ni protini au ni yale maelezo ya matundu, hakuna aliyejua. Kinyozi alimpisha kama mtu anayeijua njia hiyo.

MAOMBI

"Ombi letu ni moja," katibu alisema. "Tunaomba ule."

Sufuria likaletwa, mvuke unafuka, harufu ya vitunguu imetangulia. Mheshimiwa akala sahani ya kwanza, watu wanamhesabia matonge. Akaomba ya pili. Kinyozi ndiye aliyefuata na bakuli, na nyuma yake akaja yule mteja, nywele zimeshaota. Baada ya hapo watu walisukumana.

Katikati ya msongamano shemeji yake katibu akaja mbio kutoka uani.

"Mama anasema yuko salama, msije kumtazama. Na anasema ile sehemu ya nne irudishwe kwenye karatasi, yote, na neno sumu liandikwe kwa herufi kubwa."

Katibu akacheka, kisha akajifuta machozi kwa kiganja. Mshereheshaji akamkumbusha kwamba risala haijafungwa. Akarudi mbele, akaikunjua karatasi.

"Mheshimiwa, Mungu akupe afya, akulindie tumbo lako na seli zako zote, akurudishe kwako salama. Ni sisi wako, Kikundi cha Wakuza Uyoga Jitahidi, sote wazima, isipokuwa mwenyekiti, ambaye anaendelea vizuri."