Mkaguzi wa Stoo Aliyetuacha Midomo Wazi

Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu, mtoa dawa wetu mwandamizi, ambaye sote tunamwita Mkaguzi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika famasi ya hospitali hii. Nilitakiwa kuandika wasifu mtulivu. Mniwie radhi, siwezi. Idara nzima bado imepigwa na butwaa.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba wa kuosha chupa za dawa za maji. Akasoma, akapanda, hadi mwandiko wa daktari ukitushinda wote tunampelekea yeye. Ni mcheshi, na hajawahi kumfokea mgonjwa, ingawa madaktari amewafokea kiasi cha kutosha.

Jina lake lilitokana na ukaguzi. Hakuweza kukaa kaunta bila kuinuka kwenda stoo. Katikati ya kikao, stoo. Katikati ya chai, stoo. Uongozi ukampa cheti cha mtunza stoo bora, nasi tukapiga makofi hadi viganja vikawaka moto. Mwaka juzi ziara hizo zikapungua ghafla. Mkuu wa idara akamwita, akamuuliza kama kazi imemchosha. Alijibu kwamba umri umekwenda, akarudi kaunta.

Mwezi uliopita akaja dereva wa basi la masafa marefu. Kibofu chake kinamsumbua: haja ndogo inambana kila mara, basi linasimama ovyo, abiria wanalalamika, na mwajiri ameshampa onyo la mwisho. Daktari alimwandikia dawa jeneriki, yaani dawa ileile aliyoizoea, ila ya kiwanda kingine na kwa bei nafuu. Dereva akaona boksi geni na vidonge vya rangi nyingine, akavirudisha. Alisema hawezi kuhatarisha usukani wake kwa vidonge vya bei chee. Tulimweleza hadi mate yakatukauka. Akageuka aondoke.

Mkaguzi akafungua mkoba wake, akatoa boksi kama lile, akaliweka juu ya kaunta mbele ya foleni nzima. "Kaka yangu, mimi mwenyewe natumia hizi hizi. Bila hizi nisingemaliza hata kukuhudumia."

Nilikuwa kiti cha pili. Kalamu ilinidondoka. Choo cha wafanyakazi kiko nyuma ya stoo! Jamani! Sisi tunaowaeleza wagonjwa dalili za kibofu cha namna hiyo kila siku, tulikaa naye bega kwa bega na kumtunukia cheti kwa kubanwa! Na jeneriki zilipoingia, akamudu kuzinunua na kupata nafuu, tukamwita ajieleze kwa uvivu. Sijui nicheke au nilie. Nimefanya yote mawili.

Dereva alichukua dawa. Jana alirudi kuchukua za mwezi wa pili, na bado yuko kwenye usukani. Naandika haya kwa ruhusa yao wote wawili.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililonimaliza. Binti ya Mkaguzi anaishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Miaka yote mama mtu alimwambia kwamba likizo haipatikani, na wajukuu amewaona kwenye picha tu. Jumamosi anapanda basi la dereva yule. Alipoulizwa anataka kiti gani, alichagua cha dirishani, nyuma kabisa.

Ahsante kwa yote, dada yetu. Uzee wako uwe wa raha, wajukuu wakuchoshe kwa michezo, na Jumamosi usiinuke mpaka ufike.