Siku Niliyomleta Kuyu Nyumbani

Placide, niinue kidogo, weka blanketi hapo mgongoni, halafu nawe ukae. Anatole, nyamaza kwanza, utalia nikishamaliza. Émilienne, wewe mke wa Placide ndiwe utakayeshika nyumba hii kuanzia sasa, kwa hiyo acha chungu kiungue, njoo usikie. Na wewe Félicité, binti yangu, najua umeketi hapo mlangoni na umenipa mgongo. Baki hivyo hivyo kama unapenda, nitapaza sauti kadiri nitakavyoweza. Kifua kimenibana tangu juzi, padri amekwisha kunipaka mafuta, tusidanganyane kwamba nitapona.

Yaliyo mepesi yaje kwanza. Nyumba hii ni ya Placide. Mtumbwi ulioko ziwani Baraka ni wa Anatole, pamoja na nyavu na ndoana zote. Mbuzi gawaneni bila kelele. Lakini shamba la mihogo la kule juu, ambalo mama yenu alilima kwa mikono yake tangu nilipomwoa hadi alipokufa, hilo ni la Félicité. Najua baba zenu wadogo watakuja hapa na fimbo zao kusema mwanamke harithi shamba. Waambieni baba yenu Asukulu alisema hivyo akiwa na akili zake zote, na asiyeridhika anifuate huko ninakokwenda, tukabishane huko huko.

Na ndani ya shamba hilo mama yenu amelala. Kwa hiyo nina ombi, na ombi hilo haliwahusu ninyi wanaume, linamhusu mwenye shamba. Nataka kuzikwa kando ya Anastasie. Félicité, ni wewe wa kusema ndiyo au hapana. Ila kabla hujasema, acha niwaeleze kaka zako jambo ambalo wewe na mimi tu ndio tunaolijua, maana wakati ule Placide alikuwa kwenye kazi ya barabara huko Uvira, na Anatole alikuwa shuleni kwa mapadri, na waliporudi waliambiwa mama yao alikufa kwa homa. Homa ilikuwapo, sikatai, lakini haikuanza yenyewe.

Mnapajua pale mto Mutambala unapopinda chini ya mawe mawili, maji yakatulia. Zamani bamama wote wa hapa kwetu walikuwa wakilowesha mihogo pale, vikapu vimekandamizwa kwa mawe, siku tatu nne hadi mihogo ilainike. Na mnamjua kuyu, samaki yule wa magamba makubwa na ndevu fupi pembeni mwa mdomo, anayepanda kutoka ziwani kwenda kutaga mayai mvua zikianza na mto ukawa mwekundu. Wengi ni wa urefu wa kuanzia vidole hadi kiwiko. Basi asubuhi moja mama yenu akanipigia kelele kutoka mtoni: “Baba Placide, kuya uone mwizi wangu!” Nikateremka. Ee Mungu wangu, samaki gani yule! Mgongo mnene kama paja langu, ameingiza kichwa kwenye kikapu, anakula mihogo ya mke wangu bila haraka yoyote. Mama yenu alicheka hadi akaketi chini.

Mimi sikucheka. Nilimtaka yule samaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na mkiniuliza sababu, hadi leo sina. Nilimtupia mkuki, nikakosa. Nikaleta ndoana, akakata kamba mbele ya macho yangu. Nikaenda sokoni Baraka kujigamba kwamba nitamleta kabla ya Pasaka, na Pasaka ikapita, wakaanza kuniita Baba Kesho. Hata batoto wadogo njiani, “Jambo, Baba Kesho!” Nami nikazidi kuwa mkaidi.

Nikawaza ni bamama wanaomfukuza, kwa makelele yao na vikapu vyao. Nikawapiga marufuku. Nilikuwa mtu mzima, kaka wa mkubwa wa kijiji, nani angenibishia? Wakahamia kule chini penye ukingo mkali, udongo wake unateleza hata wakati wa kiangazi. Mama yenu akaniambia siku ile ile, huku anajitwika kikapu: “Baba Placide, ile samaki ilikuyaka kukula mihogo yangu, haikukuyaka kuangalia sura yako.” Nikamwambia mambo ya samaki ni ya wanaume.

Mvua nne, misimu minne mizima, nilikaa juu ya jiwe lile. Nilijaribu minyoo, nikajaribu panzi, mchwa, maini ya kuku, na kuyu nilimwona mara mbili tu, akipita mbali, hana shida na mimi. Nilijiita mvumilivu, wanangu, na nilijisifu kwa hilo kila mahali. Huku nyuma pamba ya lazima ya serikali imefunikwa na majani, kapita, msimamizi wa pamba, anakuja kufoka hapa uani, na anayekwenda kuipalilia ni mama yenu, akitoka hapo aende kwenye mihogo, akitoka kwenye mihogo ateremke ukingo ule na kupanda tena na kikapu kinachochuruzika maji, kizito cha kumtoa jasho mwanamume. Mvumilivu hapo alikuwa nani? Nipeni maji kidogo.

Asante. Mwaka wa hamsini na mbili, mwezi wa kumi na moja, akateleza. Alianguka na kikapu chake, kikamwangukia kifuani, na Félicité ndiye aliyempandisha hadi nyumbani, binti wa miaka kumi na mitano, amembeba mama yake mgongoni. Nilipofika alikuwa akipumua kwa shida. Siku tatu nilikaa naye, Mungu ananiona, sikutoka. Siku ya nne akapata nafuu, akanywa uji. Nami nikatoka uani kunyoosha miguu, nikakiona kile kikapu, mihogo bado imo, imeanza kunuka. Ndipo akili ikanijia, baada ya mvua nne: mihogo! Sikufikiri kitu kingine, nawaambia kweli. Nilibeba kikapu cha mke wangu mgonjwa nikakizamisha chini ya mawe mawili.

Kesho yake asubuhi nikamwambia naenda mara moja kuangalia. Nikaficha ndoana ndani ya donge la mihogo, nikakaa, na jua lilikuwa bado chini wakati aliponivuta. Nilijua ni yeye. Kamba ilinikata kiganja hadi damu ikatoka, alama hii hapa, mnaiona. Alikwenda juu, akarudi chini, akajibanza kwenye jiwe akakataa kutoka, nami namvuta taratibu, naogopa kamba isikatike.

Hapo Félicité akatokea juu ya ukingo. “Baba, mama anakuita.” Nikasema, “Niko nakuya.” Akaenda. Akarudi mara ya pili anakimbia, hana pumzi: “Baba, mama anasema ukuye sasa.” Nikasema, “Niko nakuya, mutoto, mwambie namletea kitu.” Haya Félicité anayajua, na ameyabeba peke yake miaka mitano bila kuwaambia, kwa sababu alitaka muendelee kunipenda.

Lakini kuna asilolijua. Mara ya tatu ulikuja, binti yangu, na hukusema kitu. Ulisimama juu pale ukanitazama, halafu ukaondoka ukitembea. Hukukimbia. Ulidhani sikukuona, kwa kuwa nilikuwa nimeinama majini. Nilikuona. Nilikuona unatembea polepole, nikajua Anastasie amekwisha kufa. Na sikuiachia kamba. Niliendelea kuvuta, huku najua, hadi nikamtoa. Hilo sijamwambia hata padri.

Nilipanda na samaki begani, mkia wake unanigonga kiunoni, na kilio cha wanawake nilikisikia kabla sijaiona nyumba. Nikasimama uani naye, sijui nimweke wapi. Watu wa matanga walikuwa wengi, wenye njaa, wakanipokea yule samaki, wakamkata, wakampika, na mmoja, simtaji, akasema hajawahi kula kuyu mtamu hivyo. Sikuonja. Tangu hapo samaki hajapita mdomoni mwangu, ninyi mlidhani ni tumbo.

Anatole, ndoana nimekupa, vua, sikukatazi. Ila siku utakapokuwa na kamba mkononi na mtu wa nyumbani akakuita, chukua kisu ukate kamba. Usingoje kuifungua. Émilienne, wewe wa kwanza upeleke mihogo yako chini ya mawe mawili, na bamama wengine watakufuata. Wanapaogopa, wanasema pana mkosi. Hapana mkosi pale, palikuwa na mimi.

Félicité. Miaka mitano umenipikia, umenifulia, umenishika nilipoanguka, na hujaniita baba, unaniita muzee, kama mtu wa njiani. Sikukudai, nilikuwa sistahili. Sasa umesikia na lile baya zaidi. Nakuomba nafasi kando ya mama yako. Nimekuomba mara moja. Yule samaki nilimsumbua mvua nne, wewe sitakusumbua. Ukisema hapana, nitazikwa misheni pamoja na wengine, na Placide, Anatole, sikilizeni vizuri: atakayemkaripia dada yenu kwa hilo, asijiite mwanangu.

Nani amesimama? Ni yeye? Mwacheni apite. Placide, kaa chini, usimwite, nimesema usimwite.

Sogeeni basi, macho yameingia giza. Mungu awalinde, wanangu. Awape watoto wanaoitika wakiitwa. Pendaneni... msile mkamwacha mmoja nje. Nawaachia baraka yangu, ndogo hivi ilivyo, na ya dada yenu pia, mwekeeni.

Anatole, uko karibu na mlango, angalia. Ameshika nini? Jembe? Na mvua hii? Amechukua njia gani?

Ya juu, unasema? Kwa mama yake.

Nenda, Anatole... nenda ukamsaidie kuchimba, pale pana mawe mengi. Placide, wewe baki hapa.