Chediel Ntandu, Vyumba Kumi na Makaburi Mawili

Mchungaji, wazee wa ukoo, wapangaji wetu, majirani wa Ikungi na ndugu wa Mungaa. Mimi ni Jenifa, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Kwenye ratiba mliyoshika, mahali pa kuzikia pameachwa wazi. Si kosa la mchapaji. Ukoo haujakubaliana, na sasa hivi makaburi mawili yamechimbwa: moja Mungaa kando ya mama yetu, na moja hapa hapa uani, nyuma ya chumba namba tisa. Nitasoma kwa utaratibu, na ninaomba nisikatizwe.

Marehemu Chediel Ntandu alizaliwa Mungaa tarehe 14 Agosti 1953, mtoto wa kwanza wa mzee Filipo Ntandu. Alichunga ng'ombe hadi 1963 alipoanza shule ya msingi, akamaliza darasa la saba mwaka 1969. Hakuchaguliwa kuendelea. Alilia siku mbili, ya tatu akaomba nauli ya kwenda Kilimatinde, ambako fundi mmoja wa misheni alimfundisha uashi kwa miaka mitatu. Alirudi na mwiko, pima maji na maringo ya fundi, na maringo hayo hayakumtoka mpaka anakufa.

Tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa na Editha, wifi yangu aliyekaa hapa mbele. Mungu akawajalia Enock, Esta na Stefano.

Alijengea watu wengine hadi mwaka 1998, alipouza ng'ombe watatu na alizeti ya msimu mzima, akasimamisha vyumba viwili katika kiwanja hiki. Watu walimcheka kwa kuingiza wapangaji kabla ya kupiga lipu. Akawajibu, "Lipu italetwa na mpangaji." Na kweli ililetwa. Kodi ya vyumba viwili ilijenga cha tatu, hivyo hivyo hadi cha nne. Kila mpangaji aliandikiana naye mkataba mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na kulipa miezi sita mbele. Katika miezi hiyo sita, kodi ya mwezi mmoja haikuguswa, ilikuwa ya bati, choo na vitasa. Wifi aliwahi kuiomba kwa ajili ya sare za shule, akanyimwa, wakanuniana wiki nzima.

Sitamsifu hadi nidanganye. Ikungi ilipofanywa wilaya, watumishi walikuja wakitafuta vyumba, naye akaingiwa na pupa. Mwaka 2014 aliweka hati ya kiwanja hiki rehani benki, akajenga vyumba vinne kwa mkupuo, akipiga hesabu kana kwamba vyote vitajaa mwaka mzima. Mwaka 2017 wapangaji watano walihama mwezi mmoja, mradi wao ulipoisha. Vyumba vilikaa vitupu miezi mitano, na tangazo la mnada likabandikwa kwenye geti hili. Tuliuza ng'ombe kumi na mmoja wa ukoo kumwokoa. Baadhi yenu hamjamsamehe mpaka leo, na mimi nilikaa mwaka mzima bila kumpigia simu.

Tangu hapo alisema mkopo wa nyumba unapimwa kwa vyumba vitupu: kama huwezi kulipa rejesho nusu ya vyumba ikiwa mitupu, usisaini. Mkopo wa vyumba viwili vya mwisho aliuchukua kwa kipimo hicho. Unaisha Desemba 2026, na hati bado iko benki.

Alikuwa mkali, lakini watu aliwajua. Mosi, muuza mchele wa chumba namba tisa, alijifungua kwa upasuaji wakati miezi yake sita imeisha, akakwama kodi miezi miwili. Akaja kurudisha ufunguo. Kaka akamwambia, "Kaa na ufunguo wako, mama. Mpangaji mzuri aliyekwama ananifaa kuliko chumba kitupu." Mosi alilipa yote. Leo asubuhi nimemkuta anafunga godoro kwa kamba. "Mama, mzee nilimpenda," aliniambia. "Lakini kaburi chini ya dirisha langu, na watoto hawa? Siwezi." Wengine watano wameshaulizia vyumba kwingine. Sita kati ya kumi wakihama, rejesho halilipiki, na tangazo lile litarudi getini.

Marehemu aliugua kisukari tangu 2011, na mwaka jana figo zikaanza kushindwa. Alilazwa mjini Singida tarehe 20 Februari, akafariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa saba mchana.

Kaburi la hapa limechimbwa na Enock, na msidhani ni ujinga. Jana alinisalimu, "Shikamoo shangazi," kisha akaniambia, "Nikimzika baba hapa, hakuna atakayeuza. Nani atanunua kaburi la watu?" Ana haki ya kuogopa. Funguo anazo Esta, mikataba anayo Esta, na yeye mzaliwa wa kwanza, kule Dodoma anakoishi, husikia mambo ya kwao kwa simu. Kikaoni niliposema marehemu alitaka Mungaa, Enock alisema mimi na Esta tumemtungia baba yake maneno. Iliniuma sana. Nilinyamaza kwa sababu maneno yaliyobaki kaka aliagiza yasemwe mbele ya watu.

Siku mbili kabla hajafa alituambia hivi mimi na Esta, kitandani hospitalini: "Enock atataka kunizika uani. Msimtukane. Mimi ndiye niliyemfanya mgeni kwenye nyumba yangu. Alinibebea matofali akiwa mdogo, na sikuwahi kumpa hata ufunguo wa choo. Mwambieni baba yake anaomba radhi. Mimi napenda Mungaa, lakini safari hii aulizwe yeye."

Marehemu ameacha mjane Editha, watoto Enock, Esta na Stefano, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na wapangaji kumi wanaotutazama.

Enock mwanangu, gari liko tayari na koleo liko uani. Esta hatasema, wala mimi sitasema. Chediel Ntandu alale kwa amani, mahali utakapotutajia wewe.