Papa Pile na Mugomba wa Noël

Ndugu, majirani, na ninyi muliolala njiani ili mufike, mukae chini, jamaa imemutuma Valens, mutoto wa kwanza, awasomee maisha ya baba yake vile mama yake aliyapanga, asiongeze sukari.

Marehemu Barthélemy Nzabandora alizaliwa tarehe 3 mwezi wa ine 1952, ku mulima wa Loashi, mu Masisi, mutoto wa tano wa Papa Byukusenge na Mama Tumukunde, watu wa jembe na wa kanisa. Aliingia shule ya primaire ku misioni mu 1959, akafika mwaka wa ine, akaacha, kwani ngombe za baba yake hazikuwa na muchungaji mwingine. Kazi yake ilikuwa kulima maharagi na viazi, kukamua maziwa, na kukatala shauri ya bibi yake, na hii ya mwisho aliifanya bila kupumzika hata siku ya Mungu.

Tarehe 17 mwezi wa nane 1974 alifunga ndoa na Euphrasie Nyiramana, wakazaa watoto sita, wane wako hapa mbele yenu, Astrid alikufa na surua angali mudogo, na wa mwisho, Noël, alizaliwa tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1985. Mu 2008, wakati harusi yake na Bibiche ilikuwa ingali na harufu ya pombe, Noël alienda kuchimba kasiterite, mawe ya bati, kule Bisie, mu pori ya Walikale, na mu 2010 muchuuzi mumoja alimuona kule Njingala akibeba mufuko ku kichwa, toka hapo, kimya.

Ku milima yetu, muntu akipotea na maiti yake isionekane, jamaa inakata shina ya mugomba, inaifunika na nguo yake, inaizika, hapo njo matanga inaisha na bibi yake anafunguliwa, anaweza kuolewa tena. Wazee walisema tuzike, Mama Euphrasie alisema tuzike, Barthélemy akasema yeye hakuzaa ndizi. Basi Bibiche akabaki mu jiko ya wakwe, si mujane, si bibi ya muntu, mvi zikamukuta pale pale ku mafiga, na hakuna mwanaume aliyesubutu kumusalimia mara mbili.

Kuanzia 2017 marehemu alianza kuanguka, leo mu shamba, kesho mu kanisa, moyo wake ulipiga kama muntu anayepanda mulima na muzigo, hatua moja, kisha anafikiri. Wanganga wa hospitali ya Kirotshe walimupima, wakamutuma Kigali, na kule, tarehe 11 mwezi wa pili 2019, walimuwekea chini ya ngozi ya kifua mashine ndogo yenye pile, ni kusema betri, ya kuamsha moyo ukitaka kulala. Alirudi amenyooka, anakula ya watu wawili, majirani wakasema huyu hatakufa mpaka pile iishe, Mama Euphrasie akafurahi kwamba mitaro ya shamba itachimbwa. Mitaro hakuigusa. Alivaa bote za mupira, akaita moto, pikipiki ya kwenda Pinga. Bibi yake alimuambia, "Munganga alikupa moyo wa kukaa nao ku kiti," akajibu, "Munganga hakuniuliza niko na kazi gani."

Alienda Pinga mu 2019, akaenda Walikale mu 2021, picha ya Noël mu mufuko wa shati, akiuliza mu masoko, mu makanisa, na ku makaburi. Ku bariere moja ya njia ya Pinga, wenye bunduki walipapasa kifua chake, wakakuta ile nundu, wakasema ni radio ya adui, iko inawatangaza. Alifungua shati, akamuambia mumoja wao aweke sikio. Kijana alisikiliza, akauliza, "Papa, ukilala, inazimika?" Akamujibu, "Haizimike, mwanangu, njo mateso yangu." Wakamuachilia, na toka siku ile wenye moto walimuita Papa Pile.

Mwezi wa sita 2022 alifika Bisie yenyewe, akakuta kampuni imeweka senyenge na mashimo ya zamani yamefunikwa na udongo. Alionyesha picha ku mulango, mulinzi akaiangalia, akasema, "Papa, mulima huu wote iko na watoto wa watu."

Alirudi Loashi. Siku moja aliingia mu shamba ya ndizi, akachagua mugomba, akaufunga kamba ya alama, akamuita Bibiche, akamuambia, "Mwanangu, nilikufunga na matumaini yangu. Lakini hii mashine inasukuma damu tu, haiwezi kunisimamisha ku shimo ya mutoto. Mutuzike mimi na Noël siku moja." Mama Euphrasie aliita jambo hilo uoga, na leo bado analiita vile, kwani Bibiche aliongeza miaka mbili ku mafiga.

Homa ya mapafu ilimushika mwezi wa ine 2024, akafariki Kirotshe tarehe 6 mwezi wa tano, saa nane ya muchana. Munganga alieleza kwamba mashine haiwezi kuchelewesha muntu aliyekwisha kwenda, lakini Mama Euphrasie aliweka sikio mwenyewe, akasikia kimya, akasema, "Hata wewe umechoka kutafuta."

Jamaa inashukuru wanganga, wenye moto waliomubeba bila kumuangusha, wakristo, na majirani waliochimba mashimo mawili mu udongo wa mvua bila kuuliza sababu. Bibiche, ukishatupa udongo ku mugomba, umefunguliwa, usirudi ku jiko yetu, vitu vyako viko tayari ku mulango. Na kama Noël anarudi kesho na kukuta tumemuzika, aje kwa mama yake, yeye njo atamujibu.

Papa Barthélemy, pumzika kwa amani. Noël, kama uko naye, pumzika, na kama hauko naye, utusamehe.