Mwalimu Cornel Bonifas Mkude na Mwamba wa Angani (1938–1999)

Marehemu Mwalimu Cornel alizaliwa tarehe 7 Mei 1938 katika kambi ya mkonge, Kimamba, wilayani Kilosa, mtoto wa tatu wa Mzee Bonifas, mkata mkonge, na Mama Katarina.

Alisoma shule ya misheni Kilosa, kisha chuo cha ualimu Morogoro. Alifundisha hesabu Mikumi, baadaye Kilosa mjini, hadi alipostaafu mwaka 1993. Wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka alivyokuwa mkali: ukisahau kuandika kilo au mita, jibu lote sifuri. Hata mimi mwanawe, Agnesi, nilizipata sifuri hizo.

Tarehe 12 Desemba 1964 alifunga ndoa na mama yetu, Hildegarda, huko Mikumi, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1989, biashara zilipofunguliwa, alikuta darubini kwenye mitumba ya Magomeni. Basi, nyumba nzima ikahamia uani! Alijiunga kwa barua na chama cha ng'ambo kilichofuatilia asteroidi, yaani miamba ya angani inayopita karibu na dunia. Agosti 1992 chama kilitaka saa na dakika hasa ambapo mwamba mmoja ungepita kando ya nyota fulani, ili ijulikane kama siku moja utatugonga. Upande wetu huu mtazamaji alikuwa yeye peke yake. Akauona! Akaandika: 2:14 usiku.

Jibu likaja: saa hiyo mwamba haukuwa hapo, kipimo kimekataliwa. Baba aliifunika darubini kwa khanga. Siku ya pili akamsimulia Mama.

"Baba Agnesi," Mama akasema, "wenzetu si wanaanza kuhesabu saa kwenye saa sita yetu ya usiku? Saa mbili yetu wao wanaiita nane."

"Mungu wangu! Na mimi ndiye mwalimu wa hesabu!"

Alikimbilia posta na malapa. Safari hii kipimo kilipokelewa.

Oktoba 1998 moyo ulianza kumsumbua. Alitibiwa hospitali ya Berega, wakamtunza vizuri, naye akawafundisha wauguzi majina ya nyota kupitia dirishani. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1999.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba.

Jumatano mchana, siku moja baada ya kifo chake, tulichukua posta barua aliyoandikiwa na chama kile. Mwamba ule umerudi, umepita mbali na dunia, palepale hesabu iliyotumia saa yake ilipoonyesha! Nilipiga vigelegele huku nalia.

Baba, ulipima sawasawa. Bwana akupumzishe kwa amani.