Marehemu Lukasi Kobelo, Aliyeunga Chasisi ya Landrova kwa Mabamba ya Korona

Wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani poleni, kwa niaba ya ukoo nayasoma maisha ya Lukasi Kobelo kama alivyoyaishi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1926 huko Kibungo, Milima ya Uluguru, utotoni hakupelekwa shule, alichunga mbuzi wa mjomba wake, akaja kuketi kwenye dawati mwaka 1971 katika kisomo cha watu wazima, na cheti chake alikitundika juu ya kitanda, akawa anamsomea kila mgeni anayeingia, hata mgeni yuleyule wa jana.

Mwaka 1947 alishuka kufanya kazi kwenye shamba la mkonge, akajifunza kuchomelea vyuma, na huko akapata rafiki, Salum wa Gairo, aliyekuwa akilisha majani kwenye korona, ile mashine ya kusaga mkonge, mtu wa kuguna nyimbo kutwa nzima bila maneno. Tarehe 2 Mei 1953 Lukasi alimwoa Filomena, wakajaliwa watoto wanne, kitinda mimba akiwa Yustina. Tarehe 9 Agosti 1961 korona ilimdaka Salum mkono ikamvuta, na Lukasi ndiye aliyemtoa mle ndani, akiwa ameshakufa.

Mwaka 1974 familia ilirudi mlimani kwenye kijiji cha ujamaa, na kijiji kikapewa Landrova kuukuu ya kuwashusha wagonjwa na wajawazito Morogoro, lakini chasisi ilikuwa imeliwa na kutu, imepasuka mbele ya springi za nyuma, na chuma siku zile hakikupatikana hata kwa kulia. Lukasi akaenda kule shambani, kulikokwisha fungwa, akakata mabamba kwenye ile korona, akayachomelea katika gereji moja ya Mwembesongo. Alimweleza mkewe kwamba kwenye bamba la mwisho alikuwa peke yake chini ya gari, akasahau kulibana, akaliachia, nalo halikuanguka, lilikaa palepale kama limeshikwa kwa upande wa pili, likasogea kidogo, likanyooka, naye akachomelea.

Tangu hapo gari likifika kwenye kona za mlimani linaguna, na huo si mlio wa injini, waliomjua Salum waliutambua wimbo. Mtani wake Hatibu alimwambia mbele ya watu, "Wewe Kobelo, jembe la jirani huchukui bila hodi, sasa mtu mzima umemchomelea chini ya gari, na mama yake hujamwambia?" Watu walicheka, lakini wajawazito waligoma kupanda, na mwezi Juni 1975 wawili walifia njiani wakibebwa kwa machela.

Lukasi akasafiri hadi Gairo kwa Bi Hidaya, mama yake Salum, akapiga magoti, akasema kosa lake, bibi akamwuliza, "Anaimba?" naye akajibu, "Anaimba, mama," bibi akasema, "Basi asisafiri peke yake, hajapenda upweke tangu mdogo."

Aliporudi alikaa nyuma garini, chini, kiganja kwenye sakafu juu ya bamba, akampandisha kwanza binti yake mwenyewe, Yustina, ambaye uchungu ulikuwa umemkalia vibaya, gari likaguna njia nzima, Lukasi akaitikia, na mtoto akazaliwa salama. Kuanzia siku ile mjamzito hapandi gari mpaka Lukasi awe amekaa pale, naye hakukosa safari, hata alipoanza kukohoa damu.

Kifua kilimsumbua tangu Novemba 1978, na tarehe 17 Aprili 1979 akashushwa kwa gari hilohilo, dereva Athumani anasema nyuma zilisikika sauti mbili zikiimba mpaka mlangoni mwa hospitali, ila daktari alisema marehemu alikuwa amekata roho zamani, tangu mlimani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, mafundi wenzake wa Mwembesongo, na Hatibu aliyechimba kaburi huku akimtukana marehemu kama utani unavyotaka.

Kesho asubuhi gari linamshusha Saada, jirani yetu, siku zake zimetimia, na amesema bila mtu pale nyuma hapandi. Kwa mila yetu Waluguru, mpwa wa marehemu, Charles, ndiye mrithi wa jina, na jina amelipokea, habari ya kukaa pale hajajibu.

Lukasi, pumzika kwa amani, na mpwa wako umpe moyo kabla hakujakucha.