Mkeka wa Babu Usikunjwe

Kwenye basi la Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, Mama Siniva alimkazia macho jirani yake, bwana mwenye bandeji kichwani na mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni kwa desturi ya huko, aliyekuwa akienda harusini.

"Kichwa kimefanya nini, baba?"

"Nimekigonga kwenye kioo cha gari langu nilipofunga breki, mama. Sikufunga mkanda. Mkanda ungeukunja mkeka wa babu."

"Ala! Kichwa kipasuke, mkeka upone?"

"Kichwa kimeshonwa. Mkeka kama huu nani atausuka tena?"

Mama alishusha pumzi kama tairi lililochomwa msumari. "Basi utunze vizuri, maana utazikwa nao!"

"Ndiyo maana sitaki ukunjike."

Basi liliposimama, akashuka akiunyoosha mkeka kwa mikono miwili, bila kushika popote.